Matusi Si Mila ya Pwani

Swali limerudi tena, na safari hii limekuja na jibu lake mfukoni: "Kwani matusi si mila ya Pwani? Mbona mnawaonea makondakta?" Muulizaji kapanda daladala Makumbusho kwenda Bagamoyo, kasikia matusi ya nguoni tangu Bunju mpaka Kiromo, kahitimisha kwamba watu wa huku wamezaliwa nayo na masikioni mwao hayana uzito. Wapo hata wenyeji wanaojikinga kwa hoja hiyo. Mwanaisimu akiisikia mara ya kwanza hutabasamu. Mara ya mia, anachoka.

Hebu litazameni jina lenyewe. "Matusi ya nguoni" ni yale yanayotaja kilichositiriwa na nguo, na lugha iliyoyaita hivyo imeyasitiri hata katika kuyataja. Watu wasiojali matusi hawahangaiki kuyakwepa, ilhali Pwani imehangaika mno: kuna fumbo, kuna kijembe, kuna mpasho wa taarabu, na kuna kanga. Mwanamke aliyeudhiwa na jirani huvaa kanga yenye ujumbe wake, akapita mara mbili mbele ya kibaraza cha mbaya wake, na mdomo hakuufungua. Kama tusi ni kitu cha bure huku, ya nini kununua doti nzima? "Na unyagoni je?" Unyagoni kila kitu hutajwa kwa jina lake, ndiyo, lakini mwanamume haingii wala asiyevunja ungo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapwa Ujerumani mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya jando na unyago kama mafunzo, si kama kelele za njiani. Utani nao, huo wa Wazaramo na Wanyamwezi ambao misafara ya wapagazi iliukuza karne ya 19, una wenyewe: anayemjua mtani wake anamjua pia asiye mtani.

Wengine hukimbilia sayansi, kwamba kutukana hupunguza maumivu. Ni kweli Richard Stephens wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, alionyesha mwaka 2009 kwamba watu waliozamisha mkono katika maji ya baridi kali walistahimili muda mrefu zaidi walipotukana. Wasichokisimulia ni utafiti wa 2011 uliofuata: waliozoea kutukana kila siku walipata nafuu ndogo. Nguvu ya tusi inatokana na kufungiwa kwake, kwa hiyo anayelimwaga kutwa kituoni hana hata hiyo dawa anayoisifia.

Imebaki hoja moja, kwamba kondakta hamtukani abiria, anataniana na dereva wake. Sasa mchukulieni mwanamume aliyeketi kiti cha nyuma na mama mkwe wake. Neno moja likitoka pale mlangoni, mkwe anageukia dirishani, mama anavuta mtandio, na mpaka mwisho wa safari hawasemeshani. Tusi halikuwa lao, lakini limewapata wao, kwa sababu gari limejaa na hawana pa kuhamia. Kungwi angewatenganisha watu hawa kabla ya kufungua kinywa.

La kufanya si gumu. Kondakta, ukibanwa kidole na mlango, "Lahaula!" inatosha. Abiria, usijibu tusi kwa tusi. Sema "punguza sauti, humu kuna wazee," useme mapema kabla gari halijachangamka. Mzazi, mtoto akirudi na neno la kituoni usicheke, maana kicheko chako ndicho kitakachomfundisha kulirudia. Na kwa asiyesikia la mkubwa, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayemtolea mwenzake matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani, na adhabu yake hufika kifungo cha miezi 6. Hakina msamaha kwa watu wa Pwani.