Bei ya Printa, Bei ya Ukurasa

Katika masoko madogo ya Kaunti ya Meru, kama Ruiri iliyoko eneo la Buuri upande wa kuelekea Isiolo, biashara inayotegemea teknolojia kuliko zote ni saiba, yaani duka ambamo mwananchi huchapishiwa stakabadhi, hutolewa nakala, husaidiwa kujaza ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kuomba huduma za serikali kupitia mfumo wa eCitizen. Agroveti na duka la vifaa vya ujenzi navyo vina simu, bando na pengine kompyuta moja, lakini katika saiba teknolojia ndiyo inayouzwa, na kwa sababu hiyo hasara yake huonekana mapema.

Wahasibu hutenganisha bei ya kifaa na gharama ya umiliki, ambayo ni jumla ya fedha zote ambazo kifaa hicho kitamtoa mwenyewe tangu siku ya kununuliwa hadi siku ya kutupwa, zikiwemo za wino, umeme, matengenezo na leseni, pamoja na mapato yanayokosekana kinapoharibika. Mfanyabiashara mdogo hodari wa kupatana bei hupigania ile ya kwanza hadi shilingi ya mwisho, kisha huilipa ya pili kidogo kidogo bila kuiandika popote.

Printa hulidhihirisha jambo hili vizuri. Printa ndogo za katriji, yaani kikasha cha wino kinachobadilishwa kikiisha, huuzwa rahisi kwa kuwa watengenezaji wake hutarajia kupata faida katika wino. Ikichukuliwa, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba katriji ya shilingi 2,000 huchapisha kurasa 250, basi kila ukurasa humeza shilingi 8 za wino kabla karatasi haijahesabiwa, na mwenye saiba anayetoza shilingi 10 hubaki akifanya kazi karibu na bure. Printa ya tangi, inayojazwa wino wa chupa, huuzwa ghali zaidi, lakini chupa moja huchapisha maelfu ya kurasa na wino wa ukurasa mmoja hushuka hadi senti. Ikiwa tofauti ya bei kati ya printa hizo mbili ni shilingi 15,000 na kila ukurasa unaokoa shilingi 7 na senti 50, tofauti hiyo hurudi baada ya kurasa 2,000, ambazo saiba inayochapishia shule za jirani mitihani huweza kuzimaliza katika muhula mmoja. Agroveti inayochapisha ankara moja kwa siku ingehitaji zaidi ya miaka mitano kufikia hapo. Kwake teknolojia nafuu kuliko zote ni kutokuwa na printa kabisa na kupeleka karatasi zake saiba.

Printa ya leza, inayotumia unga uitwao tona, ina kasi na hufaa kwa nakala nyingi, ila huvuta umeme mwingi inapopasha moto sehemu inayogandisha unga huo kwenye karatasi, kwa hiyo haifai kuunganishwa na betri ndogo ya akiba inayolinda kompyuta stima inapopotea.

Uzito wa hesabu hii ya gharama ya umiliki huongezeka kwa sababu ya kodi. Tangu Julai 2023, biashara ndogo yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, iliyo chini ya utaratibu wa kodi ya mauzo, hutozwa asilimia 3 ya mauzo ghafi, yaani mauzo kabla ya gharama yoyote kuondolewa. Maana yake ni kwamba wino uliopotea haupunguzi kodi hata kidogo. Kwa upande mwingine, serikali yenyewe iliondoa gharama moja kubwa: badala ya mashine maalumu za kutoa risiti za kodi, ambazo ziliwaumiza wengi, KRA ilileta mfumo wa eTIMS mwaka 2023, ambao ni programu ya bure inayotumika kwenye simu au kompyuta iliyopo, na hakuna haja ya mwenye duka dogo kuuziwa mashine na wakala anayemtisha kwa sheria.

Kuhusu kompyuta, nyingi za vijijini ni zile ziitwazo ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika ng'ambo. Microsoft ilisitisha matunzo ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Si lazima zitupwe. Programu huria, ambazo hutolewa bila ada ya leseni na kuruhusu yeyote kuzirekebisha, kama mfumo endeshi wa Linux na programu za ofisi za LibreOffice, huziongezea miaka. Wala si ngeni Afrika Mashariki, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, mwaka 2004. Hata hivyo, kuhamisha mashine zote kwa pamoja ni pupa, kwa kuwa barua ya mteja iliyoandikwa kwa Word huweza kuvurugika mpangilio ikifunguliwa kwingine. Saiba yenye kompyuta nne ingefanya vyema kubakiza moja yenye leseni halali ya Windows. Programu za wizi zinazosambazwa kwa flashi haziingii katika hesabu ya akiba, kwa maana virusi vinavyokuja nazo huweza kufuta mafaili ya wateja, na diski ya nje ya kuhifadhia nakala za mafaili hayo, ikitunzwa nyumbani badala ya dukani, hugharimu kidogo kuliko siku chache za duka kufungwa.