Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta: Wajibu wa Familia za Mjini Katika Kuihami Pwani ya Dunda

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tumezoea kuitumia tunapowaonya wazazi juu ya malezi ya watoto wao. Lakini katika kata ya Dunda, yenye Mji Mkongwe wa Bagamoyo, bandari ya majahazi na soko la samaki, methali hiyo haina fumbo lolote. Ufa ni ufa kweli, na ukuta ni ukuta kweli. Bahari inapokula ufuko, maji ya kisima yanapoingia chumvi, mfereji unapoziba na mvua ikamfuata mtu kitandani, gharama ya kutengeneza huishinda daima gharama ya kuzuia.

Mfano hauko mbali. Jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 2010, ilibidi zijengwe kuta za kuzuia mawimbi kandokando ya Barabara ya Barack Obama na huko Kigamboni, kwa fedha nyingi na kwa msaada wa kimataifa. Lakini hakuna nchi iliyo tajiri kiasi cha kujenga ukuta kutoka Jasini hadi Msimbati. Sehemu kubwa ya pwani yetu italindwa na wakazi wake, au haitalindwa kabisa.

DENI HILI NI LA NANI?

Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi limeeleza kwamba kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimeta 20. Katika miaka ya 2006 hadi 2018 kasi hiyo ilifikia kiasi cha milimita 3.7 kwa mwaka. Milimita hizo ni ndogo machoni, lakini katika pwani ya mchanga iliyo tambarare kila kimo kinachoongezeka hulipa wimbi nafasi ya kuingia hatua kadhaa zaidi.

Hapo mwananchi ana haki ya kuuliza: joto hili limeletwa na nani? Jibu linajulikana. Kwa zaidi ya karne moja na nusu nchi zenye viwanda vingi zimechoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na hewa iliyotokana na moto huo imeifunika dunia kama blanketi. Sehemu ya Tanzania katika uchafuzi huo haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo nchi yetu inaposimama katika mikutano ya kimataifa na kudai waliochafua walipe, inadai haki, haiombi sadaka.

Hata hivyo, tukiishia katika kudai tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Bahari imeinuliwa na wengine, lakini mikoko tumeikata wenyewe. Mifereji tumeiziba wenyewe. Kiwanja kilicho mdomoni mwa maji kimeuzwa na mwenyeji na kununuliwa na mgeni, na wote wawili walijua.

Dhoruba si jambo geni kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuibomoa misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo, iliyokuwa na umri wa miaka 4 tu. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilisogea hadi pwani yetu na kusimamisha safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja. Vimbunga hatuwezi kuvizuia. Tunaloweza kuamua ni ngao gani tutakuwa nayo vitakapofika.

Tukumbuke kisa cha Maziwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya Pangani. Kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakitaga mayai humo. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kutoweka yakijaa.

MIKOKO HAIPANDWI KWA SHEREHE

Ngao ya kwanza ya Bagamoyo ni mikoko, hasa ile ya kaskazini ya mji, unakoishia Mto Ruvu. Mizizi yake huvunja nguvu ya wimbi na kushika tope. Kamba na samaki wachanga hukulia humo. Na tope lenyewe huhifadhi kaboni nyingi ambayo ingepanda angani. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Baadaye zikaongezeka tanuri za chokaa, majiko ya kuchemshia chumvi na mkaa. Mwaka 1987 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko Tanzania Bara, lakini marufuku isiyo na macho ya wananchi ni karatasi tu.

Siku hizi vikundi vingi hupenda kupanda mikoko. Nia ni njema, ila maarifa yatangulie. Miti hii haifanani. Mlilana huvumilia kukaa mbele, ukiitazama bahari. Mkoko wenyewe, ambao mbegu yake huchipua ingali juu ya mti, hupenda matope ya kandokando ya hori. Mchu huvumilia chumvi nyingi na huweza kukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Mche wa mkoko ukichomekwa katika mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi utang'oka kabla mwezi haujaandama. Watu watakuwa wamepiga picha, na bahari itakuwa imechukua miche.

Pengine kazi ya kwanza si kupanda hata kidogo. Panapokuwa na mashamba ya chumvi yaliyoachwa, tuta linaloyazuia maji ya bahari likifunguliwa, mbegu huletwa na maji na kuota zenyewe. Kikundi chochote, kiwe cha vijana, cha shule au cha wafanyakazi, kianze kwa kuonana na ofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mikoko ni hifadhi ya Taifa, na kiwaulize wavuvi wazee maji hupita wapi. Kisha kijipe zamu ya kurudi kuhesabu miche iliyo hai baada ya miezi 3, 6 na 12. Hesabu hiyo ndiyo kipimo cha kazi.

Jirani zetu wa Gazi, katika pwani ya Kenya, wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu mwaka 2013 wanakijiji hao wamelinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha walizolipwa kwa kaboni inayohifadhiwa humo zimetumika katika maji na shule zao.

MOTO WA JIKONI

Ngao ya pili iko nyumbani. Mkaa unaowaka katika jiko la mjini ulikuwa msitu mahali fulani, na msitu ukiisha, mito hupungukiwa. Mkazi wa Dar es Salaam asidhani ya Bagamoyo hayamhusu, kwa maana maji mengi ya bomba lake hutoka Mto Ruvu huohuo. Mwishoni mwa mwaka 2022, ukame ulipoupunguza mto, jiji zima lilionja mgawo wa maji.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Lakini tusimlaumu mama anayenunua mkaa kwa kopo. Hununua kwa kopo kwa sababu fedha zake huja kwa kopo. Gesi hudai mtungi mzima ulipiwe kwa mara moja, na mwenye kipato cha kutwa hana fungu hilo. Kikwazo chake ni fedha ya mkupuo. Elimu peke yake haitamwondolea.

Dawa ya kikwazo hicho akina mama wa pwani wanaijua tangu zamani: upatu. Wanawake 10 wakichanga kila wiki, kila mmoja atapata zamu ya kununua mtungi na jiko bila kukopa kwa riba. Wakaangaji wa samaki wanaotumia kuni nyingi wanaweza kuungana na kujenga jiko banifu moja la pamoja. Na hata anayeendelea na mkaa asikose la kufanya: maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na jiko liwe la udongo lisilopoteza joto. Akina baba nao wasiseme jiko ni la mama. Mwenye kushika mshahara ndiye mwenye kuamua nishati.

MAJI YA PAA

Katika mji wa pwani maji matamu yaliyo ardhini huelea juu ya maji ya chumvi. Tunapoyavuta kupita kiasi, na bahari ikapanda, chumvi hupanda nayo. Wanafunzi wa shule ya Kingani, mjini Bagamoyo, waliwahi kuteseka kwa maji ya namna hiyo, mpaka mradi wa Umoja wa Mataifa ulipowafungia mifereji ya paa na matangi ya kuhifadhi zaidi ya lita 100,000 za maji ya mvua.

Familia haina haja ya kungojea mradi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 5, katika mvua moja ya milimita 20, huteremsha lita 1,000, yaani mapipa 5 ya lita 200. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi. Chombo kifunikwe mbu wasizaliane humo. Na maji ya kunywa yachemshwe. Nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinaweza kuchangia tangi, kama wazee walivyochangia kisima.

MKUTANO NDIO UFUNGUO

Hayo yote yatakuwa ya mtu mmoja mmoja, na hayatadumu, ikiwa hatuendi mikutanoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kila mtu ana wajibu wa kuyatunza. Inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au wa mto. Inataka ziwepo kamati za mazingira hadi ngazi ya kata, mtaa, kijiji na kitongoji.

Basi katika mkutano ujao wananchi waulize kwa adabu, na majibu yaandikwe katika muhtasari. Kamati yetu ya mazingira ni akina nani, na ilikutana lini? Ni nani aliyeruhusu jengo lile ndani ya mita 60? Taka zinazozolewa hupelekwa wapi, na kwa nini mfereji umejaa plastiki, ilhali mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019? Viongozi tuliowachagua tarehe 27 Novemba 2024 hawapaswi kuona maswali hayo kuwa ni uadui. Kiongozi asiyeulizwa ndiye anayesahau.

Taifa hili limekwisha kufanya kazi ya namna hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kando ya redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio, bali lile lililofanyika baada ya redio kuzimwa. Bagamoyo, yenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, haikosi ngoma wala maigizo ya kuwaita watu. Kinachotakiwa ni jembe lisubiri nje ya ukumbi.

Katika uwanja wa misheni ya Bagamoyo upo mbuyu unaoelezwa kuwa ulipandwa mwaka 1868, na njia ya miembe ya mwaka 1871. Kimbunga cha 1872 kiliikuta miti hiyo ikiwa michanga. Majengo yalianguka, lakini wakazi waliendelea kuitunza, na leo watoto wa shule hupumzika chini yake. Waliochimba mashimo yale waliwaachia wengine kivuli hicho. Mzazi anayemshika mwanawe mkono leo kumpeleka kwenye hori la Ruvu, kuhesabu miche iliyo hai, anafanya kazi hiyohiyo.