Kiwavi Katika Chupa

Mkulima wa mahindi katika uwanda wa juu wa Ufipa akimwona kiwavi humponda papo hapo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Sumbawanga atapata elimu kubwa akimlea mmoja nyumbani.

Kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya Amerika, alionekana Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017. Usoni ana alama mfano wa herufi Y iliyopinduliwa.

Kila kiwavi awekwe katika chupa yake, kwa kuwa hulana. Tia udongo kidogo, funika kwa kitambaa chepesi, badili jani bichi la mahindi kila siku, na uandike tarehe. Baada ya majuma mawili au matatu hujichimbia udongoni na kuwa pupa. Penye baridi huchelewa.

Je, atatoka nani? Kwa kawaida nondo, naye asiachiliwe. Lakini pengine kiwavi hufa, wakatoka nyigu wadogo au nzi waliokuwa wakimla kwa ndani. Hao ni marafiki wa mkulima, na dawa inyunyizwayo ovyo huwaua pia. Basi chupa hiyo yatufunza kuwatambua kabla hatujawaangamiza.