Namba za Toleo na Wigo Wake: Mfano wa Takwimu za Karagwe na Kyerwa

Kisimamia vifurushi vya programu, kama vile npm, husoma namba ya toleo katika sehemu tatu. Ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja upatanifu na toleo lililotangulia. Ya pili, kinapoongezwa kitu kipya bila kuuvunja. Ya tatu, kosa linaporekebishwa. Hivyo, wigo ^1.4.0 hukubali 1.4.1 na 1.9.0 lakini hukataa 2.0.0, ilhali ~1.4.0 hukubali marekebisho ya 1.4 pekee.

Ugumu hujitokeza maana ya data inapobadilika huku jina likibaki lilelile. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 425,476 katika Wilaya ya Karagwe. Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe. Sensa ya mwaka huo ikahesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Tuchukulie kuwa takwimu hizi zimo katika kifurushi cha data. Mtunzaji akiliita toleo jipya 1.5.0, kwa hoja kwamba ameongeza tu mstari wa Kyerwa, wigo ^1.4.0 utalipokea, na programu itaonesha bila onyo kuwa Karagwe imepungukiwa watu 93,456. Mgawo wa dawa unaotegemea hesabu hiyo utapotoka.

Kwa hiyo toleo hilo linastahili kuwa 2.0.0: upatanifu wa data hupimwa kwa maana ya jina, hata umbo la jedwali lisipobadilika. Faili la kufungia matoleo huhifadhi toleo kamili lililotumika, lakini halirekebishi namba iliyotolewa vibaya. Huahirisha tu kosa hadi siku ya kusasisha.