Kagunga 2015: mipaka ya madaraka na watu waliovuka mpaka

Kijiji cha Kagunga kipo kaskazini kabisa mwa ufuko wetu wa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Hifadhi ya Gombe kwa anayetoka Kigoma mjini, kikiwa kimebanwa kati ya maji na milima mikali. Barabara ya Kagunga ni ziwa. Mwezi Mei 2015, katika muda wa majuma machache, ukanda huo mwembamba ulipokea makumi ya maelfu ya watu kutoka Burundi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kuwa waliokusanyika hapo walifikia 50,000. Walilala mchangani, wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu hakikukawia. Hadi kuelekea mwishoni mwa mwezi huo wagonjwa walikuwa wamekaribia 3,000 na waliofariki dunia walikuwa 31, wawili kati yao Watanzania. Meli kongwe ya MV Liemba ilitia nanga mbali na ufuko kwa kukosa gati, watu wakapelekwa kwa mitumbwi, takriban 600 kwa kila safari, hadi Kigoma na hatimaye kambi ya Nyarugusu.

Wapendwa wasomaji, ukarimu wa siku zile unakumbukwa, na ni haki ukumbukwe. Swali ambalo huulizwa mara chache zaidi ni hili: watu wale walikimbia nini? Walio wengi walikuwa wakulima na wavuvi wa vijijini. Hawakuandamana Bujumbura wala hawakuwa na cheo cha kugombea. Walikimbia mgogoro juu ya maneno machache ya Katiba.

Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Makubaliano ya Amani ya Arusha yaliyotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliyasimamia hadi kifo chake mwaka 1999 na Nelson Mandela akayafikisha mwisho, yalisema wazi kwamba hakuna mtu atakayeongoza zaidi ya mihula miwili. Katiba ya mwaka 2005 iliweka muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja, kwa kura ya wananchi wote. Hapo ndipo ulipopatikana mwanya: mwaka 2005 Nkurunziza alichaguliwa na Bunge kwa utaratibu wa pekee, hivyo watetezi wake walidai kwamba muhula ule haukuhesabika. Mahakama ya Katiba iliwakubalia tarehe 5 Mei. Wakati huo makamu wa rais wa mahakama hiyo alikuwa tayari amekimbilia Rwanda, akisema kwamba majaji walitishwa.

Mtu anaweza kuona kuwa huo ulikuwa ubishi wa wanasheria tu. Warundi wa Makamba hawakuuona hivyo. Walikuwa na kumbukumbu ya mwaka 1972 na ya mwaka 1993, nao walijua kwamba mwenye madaraka akishavuka mstari mmoja pasipo kuzuiwa, hakuna anayeweza kumwambia mwanakijiji mstari unaofuata uko wapi. Wakaanza kusikia habari za vijana wa chama wanaopita nyumba kwa nyumba usiku. Kisha redio binafsi zikanyamazishwa, na jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei likashindwa. Wengi waliondoka kabla lolote halijawafika mlangoni. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo maana halisi ya mipaka ya madaraka: humlinda kwanza mtu asiyejishughulisha na siasa.

Maaskofu Katoliki wa Burundi walitamka mapema mwaka huo kwamba makubaliano ya Arusha hayaruhusu muhula wa tatu, na mwishoni mwa Mei wakawaondoa mapadre waliokuwa wakihudumu katika tume za uchaguzi. Walilaumiwa kwamba wameingia katika siasa. Lakini hawakumtaja mgombea wala hawakupendekeza chama. Walichosema kinapatikana katika Mafundisho Jamii ya Kanisa: Mtakatifu Yohane XXIII katika waraka wake “Pacem in terris” wa mwaka 1963 alifundisha kwamba mamlaka hupata nguvu yake katika utaratibu wa kimaadili na kwamba kazi yake ni kulinda haki za mtu, naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika “Centesimus annus” ya mwaka 1991, alieleza kwamba ni vema kila mamlaka iwekewe uzani na mamlaka nyingine zinazoizuia isivuke eneo lake, ili sheria ndiyo itawale.

Na kwetu je? Sheria zetu nazo zina historia yake. Kikomo cha mihula miwili ya urais na sura ya haki za msingi viliingizwa katika Katiba yetu kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia haki hizo mwaka 1988. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa baadaye mwananchi aliyetaka kuishtaki Serikali alipaswa kwanza kuiomba Serikali hiyo hiyo ruhusa. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Ikaweka pia kipimo ambacho tungependa kila kiongozi wa kijiji akifahamu: sheria inayobana haki ni lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane kuliko kiasi kinachohitajika kwa lengo lake halali.

Tukitumia kipimo hicho kwa Kagunga, mambo yanakuwa bayana. Kipindupindu kinapozuka, Serikali ina haki ya kuzuia watu kusafiri au kuuza vyakula. Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu haki kubanwa kwa ajili ya afya ya jamii. Lakini amri hiyo iwe na msingi wa kisheria, ilingane na hatari, na iondolewe ugonjwa ukiisha. Tena tuangalie maneno. Ibara ya 17, inayohusu uhuru wa kwenda atakako mtu, inamtaja raia. Ndiyo maana sheria inaweza kumtaka mkimbizi awe na kibali cha kutoka kambini. Ibara ya 14, inayohusu haki ya kuishi, inamtaja kila mtu. Mkimbizi aliyetua Kagunga usiku bila karatasi yoyote yumo ndani ya neno hilo, na afisa wa mpakani hana mamlaka ya kumtoa humo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 nao unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Suala hili lilijitokeza tena mwaka 2019, nchi mbili zilipotangaza kwamba Warundi watarejeshwa kuanzia Oktoba, na Umoja wa Mataifa ukasisitiza kwamba anayerudi arudi kwa hiari yake.

Shauri la muhula wa tatu lilifikishwa Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 25 Novemba 2021 kitengo chake cha rufani kiliamua kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi ulikiuka makubaliano ya Arusha, Katiba ya nchi hiyo na Mkataba wa Jumuiya. Nkurunziza alikuwa ameshafariki dunia tangu Juni 2020, kabla ya kuumaliza muhula wenyewe. Siku hukumu hiyo iliposomwa, Nyarugusu bado kulikuwa na watoto wa Kirundi waliozaliwa kambini na ambao Burundi waliijua kwa kusimuliwa tu.