Je, Wajua? Nondo Dume Humtafuta Jike kwa Harufu

Je, wajua kwamba nondo *Saturnia pavonia*, mkazi wa nyanda za juu za Uskoti na Uingereza, hali chakula chochote akishakomaa? Hana mdomo unaofanya kazi. Huishi kwa akiba aliyoiweka mwilini akiwa kiwavi.

Kumtambua ni rahisi: kila bawa kati ya manne lina doa kubwa mfano wa jicho. Jike ni mkubwa, wa kijivu, huruka jioni. Dume huruka mchana, hasa Aprili na Mei, na mabawa yake ya nyuma ni ya rangi ya chungwa. Ajabu yake hasa ni papasi: zina matawi mengi yanayonasa harufu ya jike aliye mbali sana. Ndiyo maana watafiti humvuta kwa harufu iliyotengenezwa maabara, badala ya kumwinda kwa taa usiku.

Nondo akishaonekana, huandikwa spishi, tarehe, mahali na jina la aliyemwona. Kikikosekana kimoja, rekodi hupungua thamani. Kiwavi naye huhesabiwa: ni wa kijani mwenye pete nyeusi, na hupatikana kiangazi kwenye vichaka vya *Calluna vulgaris*.