"Nimekumiss": Neno Hili Lina Uzito Gani?

Hebu pitia meseji ulizomtumia mwenzi wako wiki hii. Sina shaka "nimekumiss" imo, pengine mara kumi. Tunaiandika kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, hata kikaoni bosi akiwa anaongea. Lakini je, neno lenyewe limetoka wapi?

Lilianza na mshale

Miss ni kitenzi cha zamani sana cha Kiingereza, na mwanzoni hakikuwa na mapenzi hata kidogo. Maana yake ilikuwa kulenga kitu ukakikosa. Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale ambao muswada wake uliosalia una umri wa miaka ipatayo 1,000, kitenzi hicho kinatumika kwa mwana wa mfalme aliyefyatua mshale, akakosa shabaha, akamuua kaka yake.

Kutoka hapo neno likahamia kwenye kukosa unachokitafuta, kisha kugundua kwamba kitu hakipo mahali pake. Baadaye ndipo likabeba maana tunayoipenda: kuumia kwa sababu mtu hayupo. Na yule Miss wa mashindano ya urembo wala si ndugu yake. Huyo ametokana na neno mistress.

Kwa nini tulilikopa?

Kiswahili kina "kukosa". Unakosa basi, unakosa usingizi. Lakini mwambie mpenzi wako "nimekukosa" uone: atadhani ulipita kwake hukumkuta. "Nimekukumbuka" ni tamu, ila inazungumzia akili. "Nina hamu na wewe" inaweza kueleweka vingine kabisa! Miss inataja pengo lenyewe.

Tukaipachika -me-, kama kwenye nimechoka na nimeshiba: hali imeshakuingia. Waingereza wao husema I miss you, wakati uliopo. Ndiyo maana wengi tunateleza tukiandika I missed you kwa mtu aliye mbali. Hiyo ni ya kumwambia mkishaonana.

Taja ulichomiss

Mume wangu alipohamishiwa Mwanza kikazi, mimi nilibaki Dar na watoto. Kila usiku ilikuwa "Nimekumiss," "Mi pia," basi, usiku mwema. Baada ya miezi mitatu ikawa kama shikamoo na marahaba, mtu anaitikia hata hajasikia.

Siku moja akaniuliza, "Hivi mama watoto, umemiss nini hasa?"

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Sauti ya funguo zako mlangoni saa moja jioni. Mdogo akisikia funguo za jirani, bado anakimbilia mlango."

Upande wa pili kimya. Mwezi uleule akakata tiketi ya basi akaja, bila sikukuu wala msiba.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu: anayesema "nimekumiss" anataja na kitu. Chai aliyozoea kupikiwa, upande wa kitanda ulio wazi, hata yale mabishano ya rimoti.

Nanyi mjaribu leo. Kabla hujatuma, jiulize ni kitu gani hakipo mahali pake kwa sababu mwenzio hayupo, kisha kiandike. Na kama ukitafuta usione pengo lolote, hapo usiishie kwenye meseji. Piga simu, muongee.